Pumu, Dawa na Nyumba ya Maskini

Wasomaji wengi wamekwisha kumwona mtu aliyeshikwa na pumu: amekaa ameinama mbele, mabega yamepanda, na kifua chalia kama filimbi. Watu hudhani kwamba hewa yakataa kuingia. Kwa kweli taabu yake kubwa ni kuitoa. Mirija midogo ya mapafu imevimba kwa ndani, misuli inayoizunguka imejikaza, na makohozi mazito yameziba nafasi ndogo iliyosalia.

Dawa zake hasa ni za namna mbili. Ya kwanza, kama salbutamoli, huilegeza misuli ile katika dakika chache, na mgonjwa hupata nafuu papo hapo. Ya pili ni dawa ya kuvuta ya jamii ya steroidi, nayo hupunguza uvimbe. Hii haileti nafuu ya mara moja. Yataka kuvutwa kila siku, hata siku ambazo mgonjwa ajiona mzima. Basi watu huipenda ile ya kwanza na kuisahau ya pili, na uvimbe waendelea kimya kimya mpaka siku ya kukimbizwa hospitali.

Na mgonjwa akiwa maskini, je? Tutazame Marekani, nchi yenye hospitali kubwa na dawa tele. Sheria ya mwaka 1965 ilianzisha huko mpango uitwao Medicaid, ambao kwa fedha za serikali kuu na za majimbo huwalipia matibabu watu wenye kipato kidogo. Mtoto akizidiwa usiku, Medicaid hulipa. Akilazwa, hulipa. Hata pampu yake ya dawa hulipiwa, wala hilo si jambo dogo. Lakini akitoka hospitali hurudi katika chumba kile kile: ukuta una kuvu kwa sababu bomba lavuja, na jikoni mende wamejaa. Mwaka 1997 madaktari wa huko walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa mitaa ya maskini katika miji mikubwa. Waliona kwamba wale ambao miili yao huchukizwa na mende, nao wanalala penye mende wengi, hulazwa mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Mama hawezi kuhama, maana kodi ya kwingine imemshinda. Na kila usiku wa hospitali wampotezea yeye ujira wa kesho yake, na mtoto masomo.

Mwaka 2005 hospitali ya watoto ya mji wa Boston ilianza kuwafuata wagonjwa wa namna hii makwao, na wengi wao walikuwa wa Medicaid. Wauguzi na wahudumu wa afya waliwafundisha wazazi kazi ya kila dawa. Walileta mifuko ya kufunika magodoro na mashine za kuvuta vumbi, wakaonyesha jinsi ya kuwaondoa mende bila kupuliza sumu chumba kizima. Matokeo ya watoto 283 yalitangazwa mwaka 2012. Baada ya miezi 12, watoto waliopelekwa chumba cha dharura kwa ajili ya pumu walikuwa wamepungua kwa 68 kwa mia, na waliolazwa kwa zaidi ya 80 kwa mia. Kila dola 1 iliyotumika iliokoa dola 1 na senti 46.

Sasa tazameni shida iliyozuka. Mfuko wa godoro si dawa, na Medicaid kwa desturi ilizoea kulipia dawa, daktari na kitanda. Hospitali ilitumia fedha zake na za wafadhili. Faida ikamwendea mlipaji, na hospitali ikabaki na vitanda vitupu visivyoingiza kitu. Ndiyo maana mwaka 2010 Bunge la jimbo la Massachusetts liliagiza Medicaid ya jimbo hilo ijaribu njia nyingine: kutoa malipo ya jumla kwa matunzo ya mtoto mwenye pumu, ili kwayo hata ziara ya nyumbani iweze kulipiwa.