Je, Wajua? Fo-wili ya Mtumba, Funguo kwa Kijana

Je, wajua kwamba fo-wili haisimami upesi kuliko gari lingine? Kila gari, hata Passo ya jirani yako, lina breki kwenye matairi yote manne! Fo-wili inakuongezea nguvu ya kutoka kwenye tope; nguvu ya kusimama inabaki ileile. Na wewe unataka kumkabidhi mtoto wa miaka 18 funguo za chuma cha tani karibu mbili. Sogea hapa benchini, twende haraka haraka.

Kwanza, hiyo unayoitolea macho pale yadi, una hakika ni fo-wili? RAV4 nyingi za Japani zilizoanza kutoka mwaka 2005 zinafanana kwa kila kitu, lakini ACA31W inasukuma matairi manne na ACA36W inasukuma mawili tu ya mbele. Tarakimu moja kwenye kibati cha chesisi, basi! X-Trail nayo ina siri yake: NT32 ni nne, T32 bila hiyo N ni mbili.

Huamini vibati? Chuchumaa nyuma ya gari, uchungulie katikati ya matairi. Ukiona difu, lile bonge la chuma, na propela shafti ikija kutoka mbele, umepata fo-wili. Ukiona bomba la ekzosi na hewa tupu, dalali anakuuzia umbo.

Halafu kuna Suzuki Jimny, ambayo vijana wanaipenda hadi inatia wivu. Ya kwanza, ya mwaka 1970, ilikuwa na injini ya cc 359 tu! Ya milango mitatu bado hubeba watu wanne, kwa hiyo familia ya watoto watatu mmoja atabaki nyumbani analia.

Na ujue hili: Jimny ukiiacha kwenye fo-wili juu ya lami kavu, inajikaba yenyewe. Kwenye kona kila tairi hutembea umbali wake, na mfumo wake hauna njia ya kuachia tofauti kati ya mbele na nyuma. Usukani unakuwa mzito, vyuma vinalia, na kijana anadhani gari limeharibika.

Subaru Forester yenyewe haina shida hiyo. Inasukuma matairi manne muda wote. Lakini ina deko: inataka matairi yote yalingane. Weka moja jipya pamoja na matatu yaliyolika, uone mfumo wa katikati unavyochemka. Na zile nyota sita kwenye nembo yake unazijua? Ni Kilimia, kundi lilelile ambalo wakulima wa kwetu walilitazama kujua msimu wa kulima!

Mzee wa ukoo je? Mwaka 1951, kabla hata haijaitwa Land Cruiser, gari hilo lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Kufikia mwaka 2019 yalikuwa yameuzwa zaidi ya milioni 10 duniani. Ila kwa dereva mgeni, mimi Land Cruiser ningeiacha kwa baba: ndefu, nzito, na kuirudisha nyuma sokoni ni mtihani wa chuo kikuu.

Tusogee kwenye umri wa gari, maana hapo ndipo utamu ulipo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililovuka miaka 8. Uganda imeweka mwisho kwenye miaka 15. Tanzania haizuii, ila gari likizeeka ushuru unapanda!

Na ile sifa ya “namba E hii, bosi, mpya kabisa”? Herufi za kibao zinakuambia gari limesajiliwa lini Tanzania. Lilitengenezwa lini, hazisemi! Namba E inaweza kuwa imebandikwa kwenye gari lililotoka kiwandani mwaka 2006, likazeekea Japani, ndipo likapanda meli.

Unataka umri wa kweli? Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, utazame chini kabisa karibu na sakafu. Kuna kitambaa kidogo kilichoshonwa hapo, na mara nyingi kimeandikwa tarehe mkanda ulipotengenezwa. Watu wanapaka rangi, wanabadili viti, wanasugua injini hadi ing'ae. Lebo ya mkanda hakuna anayeikumbuka.

Tairi nalo linasema. Tafuta maandishi DOT ubavuni, usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nene kabisa na bado likawa limezeeka, kwa sababu mpira unakauka hata gari likiwa limeegeshwa. Watengenezaji wengi wanasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata lionekane zuri vipi!

Na unajua sehemu ya tairi inayogusa barabara ina ukubwa gani? Kiganja chako, hivi. Viganja vinne, basi, ndivyo vinavyoishikilia familia nzima kwenye kona.

Vioo visikupite. Kila kioo kina mhuri wa kiwanda pembeni, na kwa kawaida vyote vinafanana. Ukikuta kimoja kina mhuri wa jina jingine, muulize muuzaji kwa upole, “Hiki kilivunjwa na nini, kaka?” Kisha nyamaza, umsikilize anavyojikunja.

Kilomita je? Dashibodi inasoma 62,000, lakini mpira wa kanyagio la breki umelika hadi chuma kinachungulia. Namba kwenye dashibodi hurudishwa kwa kompyuta, tena kwa dakika chache. Mpira wa breki haurudi!

Sasa shika hii: gari likiuzwa kwenye mnada wa Japani hupewa karatasi yenye mchoro wake, na kila kovu linaandikwa kwa herufi. A ni mkwaruzo, U ni kishimo, W ni sehemu iliyokwisha kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa kizima. A1 usiiogope, ni mkwaruzo wa kucha. Daraja likiandikwa R, gari hilo lina historia ya ajali iliyotengenezwa. Omba karatasi hiyo kwa muuzaji, na ukiona ana maneno mengi kuliko karatasi, nenda yadi ya pili.

Kwa nini Wajapani wanauza magari ambayo bado ni mazima? Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi wenyewe una gharama. Wengi wanaona heri wanunue jingine. Ahsante kwao!

Lakini kutu inaweza kuja na gari kutoka sehemu usiyoidhania. Hokkaido, kaskazini mwa Japani, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji ili zisiteleze. Gari halijawahi kuogelea baharini, na bado tumbo lake limeliwa na chumvi! Ingia chini na tochi.

Na yule dada wa Kijapani anayeongea kila unapowasha gari? Miaka yote hiyo unadhani anakukaribisha. Mara nyingi anasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa! Barabara zenyewe ziko Japani, lakini yeye kazi yake hajaiacha.

Redio nayo: FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za zamani zinaishia 90. Sisi stesheni zetu zimejaa hadi 108. Ndiyo maana gari linafika bandarini na redio yake imekuwa bubu, mpaka fundi akuwekee kile kikopo cha kubadilisha masafa.

Haya, turudi kwa kijana. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zinashinda ugonjwa wowote ule!

Kuna kinga moja, na kisa chake ni hiki. Oktoba 1997, mwandishi wa magari wa Sweden, Robert Collin, alikata usukani ghafla kana kwamba anamkwepa mnyama. Mercedes A-Class, mpya kutoka kiwandani, ikapinduka! Mnyama hakuwepo, ni jaribio la kawaida huko, kwa kuwa misitu yao ina paa wakubwa wazito wanaojitokeza barabarani bila hodi. Aibu ikawa kubwa, kampuni ikaamua kila A-Class ifungwe kompyuta ya kulituliza gari linapoteleza, ile ESC.

Sasa sikiliza kompyuta hiyo inafanya nini. Inapima mara nyingi kwa sekunde moja kama gari linaelekea kule usukani unakotaka, na likienda kombo inabana breki ya tairi moja peke yake, kitu ambacho mguu wako hauwezi hata ufanyeje! Watafiti wa ajali wa Marekani, IIHS, wamekuta kwamba inapunguza karibu nusu ya hatari ya kufa kwenye ajali za gari moja, zile za kupinduka au kuvaa mti. Marekani ikailazimisha kwenye magari yote ya abiria ya toleo la 2012, Ulaya ikafuata mwaka 2014.

Utaijuaje yadi? Toyota wanaiita VSC, Nissan na Subaru wanaiita VDC. Tafuta swichi yenye picha ya kigari na mistari miwili iliyojipinda nyuma yake. Tahadhari: magari mawili ya mwaka mmoja, jina moja, rangi moja, moja linaweza kuwa nayo na lingine lisiwe nayo, kwa sababu miaka ya zamani ilikuwa ya hiari. Mimi kwa dereva mgeni ningeacha viti vya ngozi, ningeacha paa la kioo, nikachukua hiyo swichi.

Taa za dashibodi zina mchezo wake. Washa swichi bila kupiga injini: taa ya mfuko wa hewa, ile ya SRS, lazima iwake sekunde chache halafu izime. Isipowaka kabisa usishangilie! Huenda kuna mtu ameing'oa balbu ili usijue mfuko haupo.

Ukiwepo, unafanya kazi kwa kasi ya ajabu: unajaa ndani ya sekunde iliyogawanywa mara 30 hivi. Hujapepesa jicho, kazi imekwisha.

Hata hivyo, mifuko ya kampuni ya Takata ya Japani ilisababisha mwito wa kurudisha magari yatengenezwe, mkubwa kuliko wote katika historia: takriban vifaa milioni 100 vya kuijaza mifuko duniani, kwenye magari ya watengenezaji 19. Kilichokuwa kinaviharibu ni joto na unyevunyevu wa miaka mingi, hadi vikawa vinalipuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevunyevu, ndugu yangu wa Tanga na Mombasa! Chukua namba ya chesisi, iandike kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama gari lako lilikuwa kwenye orodha na kama kifaa kilibadilishwa.

Mkanda wa pointi tatu, huu unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Kampuni ikaachia kila mtengenezaji autumie bure! Kwa hesabu za Marekani, mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 45 kwa walioketi mbele kwenye gari dogo, na asilimia 60 kwenye magari makubwa kama haya ya kwetu. Kagua na kiti cha nyuma katikati. Magari mengi ya zamani pale yana mkanda wa kiunoni tu.

Rangi? Chuo Kikuu cha Monash cha Australia kilikuta magari meusi yana hatari ya ajali ya mchana iliyozidi ya magari meupe kwa asilimia 12. Nyeupe inafichua vumbi, najua. Osha.

Mwendo, sasa. Kwa kitabu cha barabarani cha Uingereza, gari la kilomita 48 kwa saa linahitaji mita 23 kusimama. La kilomita 96 linahitaji mita 73! Mwendo umezidi mara mbili tu, umbali umezidi mara tatu na zaidi.

Japani, dereva mpya lazima abandike alama ya jani la kijani na njano mbele na nyuma kwa mwaka mzima. Ilianza mwaka 1972. Wengine barabarani hawaruhusiwi kumbana wala kumchomekea! Hebu fikiria sheria hiyo Kariakoo saa 11 jioni.

Leseni yenyewe, Tanzania, Kenya na Uganda, gari dogo ni miaka 18. Miaka 17 na nusu ni miaka 17.

Na hii nimeiweka kiporo kwa makusudi. Utafiti wa Marekani juu ya madereva wa miaka 16 na 17 ulikuta kwamba wakipakia rafiki mmoja wa chini ya miaka 21, hatari ya dereva kufa inapanda kwa asilimia 44. Wakiwa wawili, inakuwa mara mbili. Watatu na zaidi, mara nne! Gari ni lilelile, barabara ileile.

Lakini mweke ndani ya gari mtu wa miaka 35 au zaidi, hatari inashuka kwa asilimia 62! Kwa hiyo yule shangazi anayekanyaga breki ya hewani na kupiga kelele “polepole, baba, polepole!” mpeni kiti cha mbele.