Sarafu Moja ya Mbio, Tufe na Upondo

Ukishuka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi, utakuta kila kitu kina kipimo chake. Dagaa wakavu wanakwenda kwa gunia, sangara kwa kilo, petroli ya injini ya mtumbwi kwa lita. Hakuna anayeuliza kama gunia la dagaa ni kubwa kuliko lita ya petroli. Jioni mwenye mali anakaa na daftari lake, na vyote hivyo vinageuka shilingi.

Si mbali na hapo, Uwanja wa CCM Kirumba umezoeleka kwa soka. Lakini kuna mchezo mmoja wa riadha ambao watu wa Mwaloni wangeuelewa haraka kuliko wengi: dekathloni, michezo kumi ya mtu mmoja kwa siku mbili. Siku ya kwanza ni mita 100, kuruka chini, tufe, kuruka juu na mita 400. Kesho yake ni viunzi mita 110, kisahani, kuruka kwa upondo, mkuki, na mwishoni, miguu ikiwa imeshakufa, mita 1500. Wanawake wana heptathloni, michezo saba inayofungwa na mita 800. Mmoja ana sekunde, mwingine ana mita. Nani kashinda? Hapo ndipo linapokuja jedwali la pointi, na jedwali ndilo duka la kubadilishia fedha.

Tufanye biashara moja tukiwa na kikokotoo cha simu. Kijana karuka chini mita 6.50, yaani sentimita 650. Toa 220, hicho ndicho kizingiti, na asiyekivuka haambulii kitu. Zinabaki 430. Zipandishe kwa kipeo cha 1.4, kisha zidisha kwa 0.14354. Simu inaleta 697.96. Kama ulitegemea waikadirie iwe 698, pole: desimali hutupwa zote, kijana anaandikiwa 697.

Kila mchezo una namba zake tatu za namna hiyo, na hesabu zinazotumika leo zilianza kazi mwaka 1985. Utamu wote uko kwenye kile kipeo. Kwa mita 100 ni 1.81. Kwa tufe ni 1.05 tu, karibu na mstari ulionyooka. Maana yake ni hii: mkimbiaji akitoka sekunde 12.50 kwenda 12.40 anaongeza pointi 18, lakini akitoka 10.50 kwenda 10.40 anaongeza 24. Sehemu ya kumi ya sekunde ni ileile, ila ya huku juu inauma zaidi kuipata, hivyo inalipwa zaidi. Kwenye tufe, kutoka mita 12 hadi 13 ni pointi 61, na kutoka 13 hadi 14 ni 61 tena.

Kwa nini mrushaji asipewe nyongeza hiyo? Ukiitazama kwa jicho la fizikia, amekwisha kuipata hewani. Kitu kilichorushwa husafiri umbali unaofuata mraba wa kasi kilichoondokea mkononi. Ongeza kasi kwa asilimia 10, umbali unaongezeka kwa takriban asilimia 21. Mita yenyewe imebeba zawadi ndani yake. Saa ya mkimbiaji haina ukarimu huo, basi jedwali linamfidia.

Sasa mchukue Filbert Bayi. Mwaka 1974, mjini Christchurch, aliongoza mita 1500 tangu mwanzo na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3:32.2. Ipitishe rekodi hiyo kwenye jedwali la dekathloni: pointi 1168. Mwanadekathloni mzuri anayejikokota kwa dakika 4:30 anapata 745. Tofauti ni 423, pengo la kutisha. Lakini mpe kila mmoja tufe la kilo 7.26. Akilitupa mwanadekathloni mita 16 na mkimbiaji mita 9, ya kwanza ni pointi 851 na ya pili 426. Tofauti ni 425. Tufe moja limemeza rekodi ya dunia na kubakiza chenji ya pointi mbili.

Ndiyo maana mwili wa mwanadekathloni ni mwili wa mapatano. Nyama za mabega zinazosukuma tufe ni mzigo wa kubeba mizunguko mitatu na robo tatu siku ya pili. Kevin Mayer wa Ufaransa, aliyefikisha pointi 9126 mwaka 2018, alikuwa na wastani wa takriban 913 kwa kila mchezo, na hakuna hata mmoja kati ya hiyo kumi ambao alifikia rekodi ya dunia.

Jambo jingine linalowatatiza watazamaji wetu ni kwamba jedwali halijui nani katangulia kufika. Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa saa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata akaandikiwa saa 2:09:48 hiyohiyo. Kilichowatenga ni sehemu tatu za mia za sekunde. Marathoni haimo kwenye dekathloni, lakini kama mambo yangekuwa kwa hesabu ya jedwali, wangetoka sare. Mimi nadhani tungehitaji kidogo jicho la namna hiyo kwenye michezo ya shule. Mtoto anayekuwa wa pili kwenye mita 100, wa pili kuruka chini na wa tatu kwenye tufe anarudi kwao mikono mitupu, na pengine ndiye mwanariadha kuliko wote waliomshinda.

Sheria nyingine zipite upesi. Kurusha na kuruka chini ni majaribio matatu tu. Asiyeanza mchezo mmoja ametoka kwenye yote. Upepo nao unahesabiwa, na hapa ziwani si wa kupuuza, maana mchana huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu: ili rekodi ikubaliwe, wastani wa upepo wa mgongoni kwenye mita 100, viunzi na kuruka chini usizidi mita 2 kwa sekunde. Halafu Mwanza iko zaidi ya mita 1100 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi kidogo humsaidia mtu wa mita 100, kisha hudai deni lake kwenye 1500.

Mchezo wa nane, kuruka kwa upondo, ndio unaoogopwa. Ukianza kimo cha juu mno ukaangusha mara tatu, ni sifuri, na mamia ya pointi yameyeyuka. Kwenye michezo ya shule niliyoishuhudia sijawahi kuuona ukichezwa, ingawa jina lake tumeliazima kwa wavuvi wetu. Mrukaji anayekimbia mita 9 kwa sekunde ana nishati ya kumwinua kama mita 4.1; ongeza kwamba kitovu cha mwili wake kilikuwa tayari karibu mita moja juu ya ardhi. Kazi ya ule mti wa nyuzi za kioo ni kupinda, kuihifadhi nishati hiyo kwa kitambo, kisha kuirudisha ukinyooka. Upondo wa Mwaloni haupindi hivyo. Mvuvi anauchomeka kwenye tope la ziwa, anausukuma, na mtumbwi unaondoka. Mrukaji anauchomeka kwenye kishimo, na anayeondoka ni yeye.