Tabibu wako amesoma nini mwaka huu?

Ndugu msomaji, unapompeleka mtoto mwenye homa zahanati, iwe Kagondo ya Bukoba au ya Muleba, unategemea tabibu ajue dawa ya leo, si ile ya enzi zake za chuo. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha klorokwini ikatumia SP; mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu. Tabibu asiyepata habari hiyo alitoa vidonge ambavyo vimelea vilishavizoea.

Habari hizo humfikia kwa miongozo ya Wizara ya Afya na majarida ya tiba. Nyingine zimetoka kwetu. Vyandarua vyenye PBO vilijaribiwa Muleba, na mwaka 2018 jarida la The Lancet la Uingereza likaandika kuwa vinakinga zaidi pale mbu wanapostahimili dawa. Mwaka 2024 The Lancet Infectious Diseases likaeleza kuwa Karagwe kuna vimelea vinavyochelewa kuondoka mwilini mgonjwa anapotumia dawa mseto. Wagonjwa wengi walipona, lakini hiyo ni dalili ya kutahadhari.

Wewe ufanyeje? Pima kabla ya kumeza dawa. Maliza dozi hata homa ikishuka. Usinunue dawa kwa mazoea, wala usigawe vidonge vilivyobaki. Na ukiwa mjumbe wa kamati ya zahanati, uliza: mwongozo mpya wa malaria umefika? Kuuliza kwa adabu si kumdharau tabibu. Huenda ndiko kutakakomwokoa mwanao, Insha Allah.