Jogoo Mtamu, Ahadi Chungu

Nilikwenda Isingiro, wilayani Kyerwa, nikijua harambee ni pilau na soda. Kumbe jioni ile, tukichangia bweni la wasichana, meza nzima ilikuwa ya Kifaransa!

Ilianza coq au vin: jogoo aliyepikwa taratibu ndani ya mvinyo mwekundu, vitunguu na uyoga. Ndivyo Wafaransa wa vijijini walivyomlainisha jogoo mzee. Akili ileile ya bibi zetu: moto mdogo, subira kubwa. Ikafuata ratatouille, mboga za mji wa Nice: bilinganya, nyanya na pilipili hoho. Mimi nikaila na ndizi, tena bila aibu!

Ukafika wakati wa ahadi. Baba watoto akasimama: “Sisi tunatoa laki tatu!” Sisi? Hiyo ilikuwa ada ya mwanetu! Makofi yakapigwa, nami nikatabasamu kwa meno tu.

Sikumuumbua ukumbini. Tuliyamaliza nyumbani, kalamu mkononi: ada kwanza, ahadi kwa awamu tatu.

Kutoa ni moyo, jamani, ila mfuko ni wa wawili. Nong'onezaneni kabla hamjasimama.