Nukta moja ikikosewa: namna ya kukosoa picha ndogo ya biashara bila kumvunja moyo mchoraji

MFANYABIASHARA wa mchele anayevuka Namanga, Busia au Mutukula hanunui gunia kwa kutazama mshono wake. Huchoma bambo, hukinga punje kiganjani, huzipuliza, hutafuna moja mbili, kisha husema: “Kuna mawe,” au “Chenga zimezidi,” au “Haujakauka.” Muuzaji anaweza kununa, lakini anajua la kufanya. Atachekecha, ataanika au atashusha bei.

Mfanyabiashara huyohuyo akiletewa na kijana mchoraji picha ndogo ya kuweka kwenye simu, iwe alama ya duka lake, mara nyingi maneno humpotea. “Sijaipenda.” “Haina mvuto.” “Hebu ichangamshe kidogo.” Kijana anaondoka, anabadilisha rangi zote, anaongeza vivuli, anarudi. Jibu ni lilelile: “Bado.” Wakifika raundi ya nne, malipo ya awali yameshaliwa na muda, kijana amekata tamaa na duka bado halina alama.

Katika kisa cha mchele, mkosoaji alitaja kasoro. Katika kisa cha picha, alitaja hisia zake tu. Hasara ya pale katikati humwangukia kila mmoja wao.

Uchoraji wa kuhesabu

Picha hizi ndogo ni za sanaa iitwayo sanaa ya pikseli. Pikseli ni nukta ya mraba yenye rangi moja, na mchoraji huzipanga moja baada ya nyingine, kama fundi wa shanga anavyohesabu punje za mkufu. Picha yenye nukta 16 kwa 16 ina nukta 256 tu. Katika shamba dogo namna hiyo, nukta moja ikikaa vibaya jicho la samaki hugeuka kuwa kovu.

Wasomaji wengi wameishi na sanaa hii bila kuijua kwa jina. Kioo cha Nokia 3310, simu iliyotoka mwaka 2000 na kuzagaa katika masoko ya Afrika Mashariki, kilikuwa na nukta 84 kwa 48. Nyoka wa ule mchezo maarufu, bahasha ya ujumbe na alama ya betri, vyote vilichorwa ndani ya nukta hizo 4,032.

Simu za leo zina nukta nyingi zaidi, lakini picha ya biashara kwenye orodha ya majina haizidi ukucha wa kidole gumba. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi wanachama wanane, tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024, picha hiyo ina kazi nyingine. Mnunuzi wa Goma, wa Kampala na wa Bujumbura wanaweza kutofautiana lugha, lakini samaki akichorwa vizuri wote watamtambua. Akichorwa vibaya, wote watampita.

Nguvu ya picha ndogo ilionekana Japani mwaka 1999, pale Shigetaka Kurita alipochora alama 176 kwa ajili ya simu za kampuni ya NTT DoCoMo. Kila moja ilikuwa na nukta 12 kwa 12, yaani 144 tu. Alama hizo ni miongoni mwa zilizofungua njia ya emoji zinazotumika leo, na mwaka 2016 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilizichukua katika hazina yake.

Tufaha yaliyozidi

Kisa kimoja cha kampuni ya Apple ya Marekani kinaonyesha ukosoaji mzuri unavyoweza kuzaa kitu kipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mchoraji Susan Kare aliajiriwa kuandaa alama za kompyuta ya Macintosh, iliyoingia sokoni Januari 1984. Alianza kwenye daftari la hesabu lenye miraba, akipaka rangi miraba 32 kwa 32. Kiraba kimoja cha karatasi kilikuwa nukta moja ya kioo.

Wahandisi walikuwa wameweka tufaha, nembo ya kampuni, mbele ya kila amri iliyokuwa na njia ya mkato ya kibodi. Mkuu wao, Steve Jobs, alipoona orodha hizo alilalamika kwamba tufaha yamejaa kwenye kioo mno na kwamba nembo ya kampuni inashushwa hadhi. Alitaka yaondolewe.

Jobs hakuwa na sifa ya upole, wala hakuna haja ya kuiga sauti yake. Lakini lawama yake ilikuwa na mambo mawili muhimu. Ilitaja kasoro, yaani wingi wa tufaha, na ilitaja sababu, yaani nembo kupoteza thamani. Hakumwamuru Kare achore nini badala yake.

Kare alipekua kamusi ya alama akakutana na mraba wenye vitanzi kwenye pembe zake nne, alama iliyotumika Sweden kuonyesha mahali penye kivutio. Akaichora upya kwa nukta 16 kwa 16. Alama hiyo ingali kwenye kibodi za kompyuta za Mac hadi leo, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Kwa lugha ya soko, mnunuzi alisema mchele una mawe na kwa nini mawe ni hasara kwake. Namna ya kuyatoa akamwachia mwenye ungo.

Kukosoa kuna mpangilio

Anayeombwa maoni kuhusu picha ya pikseli aitazame kwanza katika ukubwa itakaotumika. Mchoraji hufanya kazi akiwa ameikuza picha mara kumi au zaidi, na hapo kila nukta huonekana muhimu. Mteja ataiona kwenye simu, pengine yenye kioo kilichopasuka, juani, katikati ya stendi. Hukumu itolewe kwa kioo cha mteja.

Kisha aseme anachokiona kabla ya kusema anachokipenda. Tuseme ni picha ya sato kwa mfanyabiashara wa samaki wa Ziwa Victoria. Kumwambia mchoraji “naona jani” kunamfaa kuliko “ni mbaya.” Mchoraji sasa anajua kwamba umbo halijasomeka. Mkosoaji akiongeza, “Mkia umeshikana na mwili, ukitoa nukta mbili juu na mbili chini, pale mkia unapoanzia, labda utatengana,” ameshampa pa kuanzia.

Umbo litangulie, rangi zifuate, nukta mojamoja ziwe za mwisho. Hakuna faida ya kubishania rangi ya jicho la samaki ambaye bado ni jani. Njia rahisi ya kupima umbo ni kuijaza picha yote rangi nyeusi. Kama kivuli hicho peke yake kinatambulika kuwa ni samaki, gunia au baiskeli, msingi upo.

Baada ya hapo kuna kasoro nne zinazojirudia, ambazo hata asiye mchoraji anaweza kujifunza kuziona.

Ya kwanza ni mstari wenye nundu. Mstari unaopinda vizuri hupungua kwa mpango: nukta 4, kisha 3, kisha 2, kisha 1. Ukienda 4, kisha 1, kisha 3, jicho huona ngazi iliyovunjika.

Ya pili ni kivuli kinachozunguka umbo lote, ukingo wa giza na katikati mwanga, hadi kila kitu kinafanana na mto wa kulalia. Swali la kumuuliza mchoraji ni moja tu: jua linatokea upande gani?

Ya tatu ni rangi zinazokaribiana mno. Hudhurungi mbili ambazo jicho halizitofautishi ni sawa na kulipia magunia mawili na kupokea moja.

Ya nne ni nukta yatima, iliyokaa peke yake bila kuhusiana na jirani zake. Kwenye kioo kidogo huonekana kama uchafu, na mtu atajaribu kuifuta kwa kidole.

Si kila ufinyu ni kasoro, hata hivyo. Shigeru Miyamoto wa Nintendo, alipochora mhusika wa mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, ambaye baadaye aliitwa Mario, hakuwa na nafasi ya kuchora mdomo na nywele zinazopepea. Akampa masharubu ili pua ionekane, na kofia ili asihangaike na nywele. Mkosoaji ambaye angedai mdomo angeiharibu picha. Kabla ya kudai kitu kiongezwe, inafaa kuuliza mchoraji alibanwa na nini.

Macho ya ng’ambo ya mpaka

Kuna ukosoaji ambao mfanyabiashara wa mpakani anauweza kuliko mchoraji yeyote, nao ni kujua picha itasomwaje upande wa pili. Kijani na manjano vikipangwa pamoja, Mtanzania wengi watakumbuka CCM. Manjano ikitawala, Mganda anaweza kukumbuka NRM. Muuza viatu asiyetaka kuulizwa habari za siasa ana sababu nzuri ya kusema mapema.

Mwenye duka la dawa naye atahadhari na msalaba mwekundu juu ya nyeupe. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva, haikuwekwa kwa ajili ya biashara. Maduka mengi ya dawa duniani hutumia msalaba wa kijani. Kumwambia hivyo mchoraji kabla kibao hakijachapishwa ni msaada wa fedha taslimu.

Bendera nazo zina mtego wake. Mistari myembamba ya manjano ya bendera ya Tanzania, ikishushwa hadi nukta 16, inaweza kumezwa na rangi za jirani au kunenepa kupita kiasi. Mteja anayetaka bendera tano kwenye picha moja ndogo ajue kwamba anaomba yasiyowezekana. Hapo anayepaswa kukosolewa ni yeye.

Anayepokea naye ana kazi

Mchoraji anayetaka maoni yenye faida huanza kwa kusema picha ni ya nini, itatumika kwa ukubwa gani, imefikia hatua gani na anataka kuambiwa nini. “Niambie kama mkia unasomeka” huleta jibu. “Mnaionaje?” huleta dole gumba na kimya.

Atume pia picha yenyewe, si kivuli chake. Programu za ujumbe kama WhatsApp hubana picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, na nukta zilizokuwa kali huvurugika pembeni. Mkosoaji huishia kulaumu ukungu ambao mchoraji hakuuchora. Njia salama ni kuihifadhi picha kwa muundo wa PNG na kuituma kama faili. Ikibidi kuikuza, ikuzwe mara kamili, mara 4 au mara 8, bila kulainishwa, ili kila nukta ibaki mraba.

Maoni yakija, lililo gumu zaidi ni kukaa kimya. Mchoraji anayeeleza kwa nini samaki wake ni samaki ameshashindwa, kwa sababu hatakuwepo kumweleza kila mteja atakayeiona picha. Aandike alichoambiwa, ashukuru, alale, kisha aitazame tena asubuhi.

Si lazima akubali yote. Mtu mmoja akisema “mimi sipendi bluu,” hiyo ni ladha yake. Watu watatu wasiojuana wakisema wanaona jani, kuna tatizo hata kama dawa wanayopendekeza si sahihi. Mara nyingi mtazamaji hutambua vizuri panapouma, lakini hukosea tiba.

Mkosoaji mwenye ujuzi anaweza kutaka kuonyesha kwa kuchora juu ya picha. Ni msaada mkubwa, lakini aombe ruhusa kwanza, afanye kwenye nakala na airejeshe kwa mwenyewe. Kubadilisha kazi ya mtu na kuisambaza ni sawa na kufungua gunia lisilo lako.

Patano kabla ya kazi

Ugomvi mwingi huanzia kwenye fedha. Maoni ni ya bure, lakini kila marekebisho ni saa za kazi. Kama wanavyopatana bei ya mzigo na nani atalipa usafiri, mteja na mchoraji wapatane tangu mwanzo marekebisho mangapi yamo kwenye bei, na ya ziada yatalipiwaje. Idadi ikijulikana, mteja huacha kusema “bado” ovyo. Hukusanya maoni yake yote mara moja, akayapanga, akayatuma.

Lugha nayo ina bei yake. “Wewe hujui kuchora” humlenga mtu, na mtu hana pa kurekebisha. “Mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia kwa nukta tatu” humlenga mkono. Sifa tupu nazo hazisaidii. Anayeambiwa “safi sana” kila siku atagundua kasoro zake siku ambayo wateja watampita bila kusema neno. Ikiwa kuna kilicho kizuri, kitajwe kwa jina lake, ili mchoraji asije akakifuta anaporekebisha kingine.

Na nakala ya kwanza isifutwe. Wakati mwingine, baada ya marekebisho matano, mteja na mchoraji huziweka picha zote kwenye kioo kimoja, huinua simu juani, na kukubaliana kwamba ya pili ndiyo iliyokuwa samaki.