Ukoka hauhitaji maji ya kila siku

Jua likipungua makali, mipira ya maji hutolewa nje katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, nyasi zikanyunyiziwa dakika chache mpaka zing'ae, na kesho vivyo hivyo. Macho yanaburudika, mzizi haupati kitu. Maji hayo hulowesha udongo wa juu tu, ambao ndio jua la kesho linaanza kuukausha. Mzizi huenda yaliko maji. Ukizoezwa kunywa juujuu utabaki juujuu, na mgao ukianza, bustani hiyo ndiyo ya kwanza kukauka. Mgao wenyewe tunaujua: mwaka 2022 jiji liliingia humo maji ya Mto Ruvu yalipopungua.

Afadhali kumwagilia mara moja au mbili kwa wiki, maji yashuke sentimita 10 hadi 15. Kiasi kinachotajwa sana kwa wiki isiyo na mvua ni milimita 25, na kwa kuwa milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, bustani ya mita 10 kwa 10 itameza lita 2,500. Tanki la lita 2,000 halitoshi! Heri hesabu hiyo imshtue mtu kabla hajapanda nyasi uwanja mzima. Kujua umefikia wapi, tega makopo matupu ya nyanya bustanini, kisha pima maji yaliyoingia. Wakati mzuri ni alfajiri. Mchana maji hayaunguzi majani, kama wengi wanavyoamini, ila mengi hupotea hewani. Ya jioni huacha majani na unyevu usiku kucha, na kuvu hupenda hali hiyo.

Wapo watakaosema mchanga wa pwani haushiki maji, na ni kweli. Ndiyo sababu kwa mchanga kiasi cha wiki kigawanywe mara mbili, hata tatu, na samadi iliyooza iongezwe. Lakini kunyunyiza kidogo kila siku hakutibu kasoro hiyo. Wengine wanahofia rangi ya kahawia. Ukoka uliokwisha kushika ardhi hulala wakati wa kiangazi na mvua zikirudi huchipua kutoka kwenye vishina vyake vya chini. Kabla ya kufungua bomba, ukanyage kwanza. Nyayo zikibaki zikionekana, mwagilia. Majani yakiinuka upesi, subiri.