Jiwe Linalolia na Misalaba ya Isukha

Kutoka mjini Kakamega, magharibi mwa Kenya, ukielekea Kisumu, mwendo mfupi tu unafika Ilesi. Pembeni mwa barabara linasimama jiwe la takriban meta 40, na juu yake limekaa jiwe jingine kubwa, mithili ya kichwa kilichoinama. Maji huteremka kwenye ufa wake, hasa baada ya mvua, na Kakamega mvua haikosekani. Simulizi moja ya Waisukha, tawi la Waluhya, yasema jiwe hili ni binti aliyependa kijana ambaye babake hakumkubali, akageuka jiwe akilia.

Hakuna fundi aliyelichonga. Labda ndiyo bahati yake, kwani mawe yaliyochongwa na binadamu huweza pia kuvunjwa naye. Uingereza, misalaba ya mawe ilichongwa zama za kati, ikasimamishwa viwanjani mwa makanisa na masokoni. Mwaka 1643 Bunge likaamuru misalaba ivunjwe, likiihesabu kuwa ushirikina. Kati ya ile 12 ambayo Mfalme Edward I alijenga kumkumbuka mkewe Eleanor, imebaki 3. Vijijini, aghalabu utakuta vidato na kisiki cha nguzo.

Huku Isukha, msalaba ulikuja na wamisionari. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walifungua misheni ya Mukumu mwaka 1906, kwenye barabara iyo hiyo ya jiwe. Haukubaki kanisani tu: uliingia bomani. Waluhya humzika mtu wao nyumbani kwake, na leo makaburi mengi yamejengwa kwa saruji, msalaba ukiwa kichwani, hatua chache kutoka jikoni. Kuku hupita juu ya makaburi hayo bila kukemewa.

Msalaba huo, hata hivyo, haukuzifukuza ngoma. Mzee mwenye heshima akifariki, isukuti hulia: ngoma tatu, yaani baba, mama na mtoto, pamoja na baragumu la pembe ya swala na njuga. Zamani mazishi ya wakubwa yalipambwa pia na mapigano ya mafahali, ambayo siku hizi huvuta umati Khayega na Malinya. Padri husoma sala zake, kisha wapigaji huchukua zamu yao, wala hakuna anayeona mgongano.

Linalotia wasiwasi si jiwe, ni ngoma. Mwaka 2014 UNESCO iliiandikisha isukuti ya Waisukha na ya majirani zao Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa vijana wanaojifunza kuipiga wanapungua.